Mkalimani wa Mama

Siku ya kwanza alipoingia nyumbani kwetu alikuwa amevaa nyeusi tupu: gauni refu la mikono mirefu, hakuna hereni, hakuna bangili, hakuna hata kifungo chenye rangi. Nikadhani ametuletea taarifa ya msiba. Nikasimamisha cherehani, nikamuuliza ni nani aliyefariki. Akacheka kidogo, akasema wote wazima. Yeye ni mkalimani wa lugha ya alama, ametumwa na kituo cha wasiosikia anakojifunza mama, na nguo nyeusi ndiyo sare yao ili mikono ionekane vizuri. Nikamwambia karibu, kwa ule ukaribisho unaoishia mdomoni. Tangu saa hiyo nikampa jina kimoyomoyo. Nikamwita Kaniki.

Sikumpenda, na sioni haja ya kuzunguka. Kuna watu ukiwaona tu roho inakuambia funga kabati, na huyu alikuwa mmoja wao. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu hivi, mtaratibu kupita kiasi, na utaratibu wa namna hiyo mimi hunitia wasiwasi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliuliza mwanga unaingilia upande gani. Kisha akanyanyua kiti chetu mwenyewe, akakihamisha, akaketi uso ukielekea dirishani na mama mbele yake, mimi nikabaki pembeni. Miaka yote kiti cha mbele ya mama kilikuwa changu.

Nyumba yetu ni ya watu wawili. Mama alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, sasa ana miaka sitini na sita, na masikio yalianza kumsaliti akiwa bado kazini. Kwanza ilipotea kengele ya mapumziko, wakafuata watoto wa dawati la nyuma, mwisho watoto wote. Mimi ni fundi wa mapazia. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, kwa hiyo hapiti mtu nisimwone. Kaka yangu mkubwa anaishi mbali, na kazi yake kwetu ni kutushauri kwa simu.

Kwa miaka minane mimi ndiye nilikuwa masikio ya mama. Nilikwenda naye hospitali, ofisi ya mtaa, vikao vya ukoo, misibani. Watu wanasema, mimi naandika kwenye daftari, yeye anasoma na kujibu kwa mdomo wake, maana kusema anasema vizuri, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea gwaride la asubuhi. Sikuwa naandika yote. Nani angeweza? Mjomba akizungumza dakika kumi mimi naandika mstari mmoja: Mjomba hakubali. Mama, ualimu haumtoki, alikuwa anachukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Njia iko wapi?", kama alivyowaandikia wanafunzi walioleta jibu bila kuonyesha walivyolipata. Mimi nacheka, nafungua ukurasa mwingine.

Sasa niseme nililokuwa nalo, maana bila hilo mtu ataniona mwehu. Miaka mitatu kabla ya Kaniki, daktari wa masikio alimpima mama, akaniambia kuna kifupa kidogo ndani ya sikio kimekakamaa, hakitikisiki tena, na kwamba upasuaji unaweza kumrudishia sehemu kubwa ya usikivu wake. Alieleza kwa kirefu, akachora hata mchoro. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu akimwangalia daktari mdomoni, akingoja daftari. Nikaandika: Anasema ni uzee. Hakuna dawa. Kisha nikamwambia daktari kuwa mgonjwa hataki, naye akaandika hivyo kwenye faili. Tukarudi nyumbani.

Baba aliingia chumba cha upasuaji kwa sababu ya ngiri, kitu ambacho watu hufanyiwa asubuhi na kesho yake wakarudi kwao. Alitoka amefunikwa shuka hadi usoni. Aliyekuwa akimsubiri pale nje ni mimi. Sikuwa tayari kusubiri vile mara ya pili, basi. Nilijiambia namwokoa mama, na uongo ukishaukalia mwaka mzima huwa haukuchomi tena. Njia ya mwongo ni fupi, nilifundishwa hivyo shuleni, tena na mama huyo huyo. Yangu ilikuwa imefikisha miaka mitatu, nikaanza kudhani wahenga walikosea vipimo.

Na aliyejichongea ni mimi mwenyewe. Kituo nilimpeleka kwa miguu yangu. Kiko nyuma ya zahanati, vyumba viwili vilivyokuwa stoo ya vitanda vibovu. Jumanne ni siku ya wasioona na wale ambao macho yanaanza kufifia, Alhamisi ni ya viziwi na wanaoelekea huko. Muuguzi wa zahanati alitupatia karatasi ya kwenda huko, nikaona vyema, nitapata saa mbili za kushona bila mtu kuniuliza nani amepita nje na amesema nini. Alhamisi ya kwanza mama alikwenda amenuna. Ya pili aliwahi. Baada ya mwaka na nusu mikono yake ilikuwa inasema, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma kwa kidole, lakini inasema.

Kwanza kituo kilileta taa. Fundi wao alitoboa ukuta wetu, akafunga balbu ndogo sebuleni na nyingine chumbani kwa mama, mtu akibonyeza kengele ya mlangoni zinawaka na kuzima. Zamani mgeni akija ni mimi niliyekwenda kumwambia mama. Sasa mama alikuwa anainuka kabla yangu, anafungua mlango mwenyewe, anaingiza watu ambao mimi sijawapitisha. Niliizunguka ile balbu siku nzima. Mwisho nikapanda kwenye kiti nikaifungua, nione kama ndani hakuna kitu kingine. Kulikuwa na balbu.

Ndipo akaja Kaniki, kila Jumatatu na Ijumaa, kumzoesha mama kufanya kazi na mkalimani. Mikono inakwenda, na penye neno gumu analiandika kwenye kibao cheupe kisha analifuta hapo hapo. Kule kufuta ndiko kulikoniudhi. Daftari langu lilikuwa na kurasa, mtu angeweza kurudi nyuma akaona. Huyu alikuwa anafuta ushahidi mbele ya macho yangu kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe nilimpa mimi, kipande cha pazia la jirani.

Halafu walikuwa wanacheka. Kimya kwa muda mrefu, vidole vinakimbizana, ghafla mama anaangua kicheko hadi anajifuta macho. Nikiuliza kuna nini, Kaniki ananigeukia kwa heshima zote na kusema, muulize mama mwenyewe, na wakati huohuo mikono yake inamwambia mama kuwa nimeuliza. Nikamuuliza mama. Akasema ni mambo yao ya Alhamisi. Tangu nimjue mama hajawahi kuwa na mambo yake ya Alhamisi.

Nikaanza kuhesabu mabadiliko. Mama alikuwa haniulizi tena taarifa ya habari imesema nini. Alikuwa anakwenda ofisi ya mtaa peke yake na kibao mkononi. Siku moja nikamkuta anakunja karatasi, aliponiona akaiingiza kwenye mfuko wa gauni na kuniuliza kama pazia la bluu limekwisha. Mama hajawahi kujali pazia la bluu. Nikampigia kaka. Kaka akasema watu wa namna hiyo huanza na mikono wakaishia na hati ya nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, akaongeza, akakata simu akaenda kula.

Nilishukuru kwa maneno yale, na najua nilichoshukuria. Hofu ya hati ya nyumba ilikuwa hofu safi, ya heshima, mtu unaweza kuitangaza hadi kwa majirani. Ile yangu nyingine ilikuwa haitangaziki.

Alhamisi mama alipokwenda kituoni nikaingia chumbani kwake, nikavuta mtoto wa meza. Hati ilikuwa mahali pake, ndani ya bahasha yake ya kaki, na vumbi lake lote. Juu ya bahasha kulikuwa na ile karatasi iliyokunjwa, yenye mhuri wa hospitali. Kliniki ya masikio, Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi. Mgonjwa ameomba mwenyewe. Atafika na mkalimani. Chini mtu ameongeza kwa kalamu: faili la zamani limetafutwa, limepatikana.

Nikakaa kitandani kwa mama. Lile neno la mwisho nililisoma mara mbili. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anaiba nyumba. Kulikuwa na mwanamke mwenye nguo nyeusi atakayekaa katikati ya mama na daktari, mimi nikiwa pembeni, na faili mezani. Nililia kidogo, kisha nikakasirika, maana hasira mimi huniweka sawa. Nikaamua Kaniki aondolewe kabla ya Jumatano. Wakikosa mkalimani watarudi kwangu na daftari langu, nami nitajua la kuandika.

Jumanne, siku ambayo mama haendi huko, nikaenda kituoni kushtaki. Msimamizi wa kituo haoni kabisa. Zamani alikuwa mpokea simu wa kiwanda, na watu wote humwita Nukta kwa sababu ya maandishi yake ya nukta nundu. Alinitambua kwa hatua kabla sijatoa salamu, akasema huyo ni mtoto wa Mwalimu, anatembea kama anafukuza kuku. Sikucheka. Nikaketi nikamwaga yote: mkalimani anachunguza nyaraka za nyumba yetu, kaka ana wasiwasi, ukoo mzima una wasiwasi. Ukoo mzima ulikuwa hauna habari.

Nukta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta mashine yake nzito, akatia karatasi ngumu, akaniambia nirudie taratibu ili aandike malalamiko. Mashine ile ina vitufe vichache tu, na sauti yake ni kama mtu anatafuna njugu. Mimi nasema sentensi tatu ndefu, yeye anatafuna mara chache, ananyamaza, anangoja. Nikaanza kumkazia macho. Nimesema mengi, yeye ameandika machache. Nilipomaliza akaichomoa karatasi, akaipapasa kwa vidole viwili, akaisukuma upande wangu na kunionyesha pa kutia sahihi.

Nikaitazama. Vipele vitupu, vyeupe juu ya weupe.

"Nitajuaje umeandika nilichosema?" nikamuuliza.

"Hutajua," akasema Nukta. "Utaniamini mimi, au utamtafuta mtu mwingine akusomee."

Nikamwambia anisomee yeye. Akapitisha vidole akasoma: binti wa Mwalimu hamtaki mkalimani wa mama yake. Akaondoa vidole. Nikamuuliza yako wapi mengine, nyaraka, kaka, ukoo. Akasema ameandika lililo muhimu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananichezea au ndivyo anavyoandika. Nilihisi masikio yangu yanawaka. Nikamwambia hana haki ya kunichagulia lililo muhimu katika maneno yangu mwenyewe, nikasema kwa sauti ya juu, watu waliokuwa chumba cha pili wakijifunza kutembea na fimbo wakasimama kusikiliza. Nukta akakubali kwa kichwa. Akasema ni kweli, hana, na kama nataka ataandika upya neno kwa neno. Ila nijue kwamba anayehudumiwa ni mama, kwa hiyo malalamiko yoyote yatasomwa mbele yake Alhamisi.

Nikaichukua karatasi ile, nikaikunja, nikaondoka nayo. Nilikuwa nimekasirika, na nilipofika barabarani nikagundua sijui hasira yenyewe niielekeze kwa nani.

Jumatano asubuhi mama alivaa gauni lake la vikao. Hakuniambia anakwenda wapi. Nami nilikuwa nimevaa, nimekaa sebuleni na daftari mapajani. Akaniangalia juu mpaka chini, akaelewa kuwa nimeiona karatasi, na kuiona karatasi maana yake nimepekua. Nikangoja anigombeze. Akasema tu kwamba alipanga kuniambia njiani, kama ningetaka kuja. Kisha akaonyesha daftari kwa kidole. "Hilo liache. Litakuchosha bure."

Hospitalini tulimkuta Kaniki amefika zamani, na nguo yake ileile. Muuguzi akamchukua mama kwenda kumpima kwenye kile kichumba cha kioo wanakovaa vipokea sauti na kuinua mkono wakisikia mlio. Tukabaki wawili ukumbini, mimi na yeye. Sikuwa na muda wa kuremba. Nikamwambia yote, jinsi nilivyowaambia ninyi, na baba, na shuka, na mstari ule niliouandika. Nikamwita dada kwa mara ya kwanza. Nikamwomba, faili likifunguliwa na daktari akigusia mambo ya zamani, mikono yake ipumzike kidogo tu. Sentensi moja. Nani angejua?

Hakuonekana kushangaa, na hilo nalo nikalitilia shaka. Nilitamani aniombe kitu. Mtu anayetaka kitu unaweza kupatana naye.

"Haya uliyoniambia hapa ni yako, hayatoki kwangu," akasema. "Lakini tukiingia mle ndani, nikisikia mimi, amesikia yeye. Hata mlango ukigongwa namwambia umegongwa."

"Hata kama ni jambo la kumuumiza?"

"Hasa hilo, dada. Ya kumfurahisha kila mtu humwambia."

Akashauri niseme mwenyewe kabla hatujaitwa. Alisema mama akitoka kupimwa, yeye atanipa dakika zote ninazotaka, mikono yake iko tayari. Nikamwangalia mama anavyotoka kwenye kile kichumba, anatengeneza kitambaa chake kichwani, anajitahidi kusoma uso wa muuguzi ajue amefaulu au amefeli. Nikasema nitamwambia. Nikafungua mdomo kabisa. Wakaita jina lake, tukaingia.

Daktari alikuwa mwingine, mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye adabu ya kumtazama mama anapozungumza badala ya kumtazama mkalimani. Kaniki akahamisha kiti chake kama kawaida yake. Daktari akaeleza vipimo vya leo, mikono ikaeleza. Kisha akalifungua faili la zamani, karatasi zake zimeanza kuwa za manjano, akasoma kimya, akakunja uso.

"Mama, hapa inaonyesha miaka mitatu iliyopita ulishauriwa upasuaji, ukakataa. Ningependa kujua sababu, maana wakati ule nafasi ilikuwa nzuri sana."

Sijui alama hata moja. Lakini nilijua habari ilipofika, kwa sababu uso wa mama ulisimama. Aliitazama mikono ile mpaka ikatua mapajani. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa, polepole, na neno moja likaandikwa kwenye kibao: ulikataa.

"Nani alikataa?" mama akauliza, kwa ile sauti yake ya gwaride.

Daktari akaligeuza faili, akasoma tena, akasema imeandikwa mgonjwa, kupitia kwa binti yake. Hapo nikafanya kitu cha kijinga kuliko vyote. Mazoea yana taabu. Nikainama kwa daktari, nikanong'ona haraka kwamba hilo tuliache, mama ana presha. Pembeni ya jicho langu nikaona nguo nyeusi inasogea. Mama alikuwa anausoma mnong'ono wangu kwenye vidole vya mtu mwingine, wote, na presha ndani yake.

"Presha ninayo tangu lini?" akaniuliza.

Daktari akafunga faili, akasema anaweza kutupisha. Mama akamwambia akae. Akanigeukia mimi, akanitazama kwa muda, kisha akamgeukia Kaniki na kubaki hapo, maana ili anisikie ilibidi asinitazame. "Sema," akasema.

Nikasema. Mwanzo nilisema mazuri: kwamba nilimwonea huruma, kwamba nilitaka kumkinga, kwamba mtoto gani angekubali. Mikono ya Kaniki iliyachukua maneno yale yote jinsi yalivyokuwa, haikuongeza wala kupunguza, na nilipoyaona yakipita vile nikayaonea aibu. Nikanyamaza. Mikono nayo ikanyamaza, ikaningoja. Nikaanza upya. Nikasema niliogopa, sikumwogopea yeye, nilijiogopea mimi. Nikasema daktari alieleza kila kitu na alichora hata mchoro. Nikasema kwamba baadaye, hofu ilipopungua, ningeweza kurudi nikasema, lakini nilikuwa nimeshazoea. Nilipenda alivyokuwa ananingoja. Nilipenda mtu mzima, mwalimu wa watu, asiweze kujua lolote mpaka mimi nimpe. Hilo sikuwahi kujiambia hata mwenyewe, na mtu wa kwanza kulisikia alikuwa Kaniki.

Mama alisoma mpaka mwisho. Hakulia. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake.

"Baba yako nilimtilia sahihi mimi," akasema. "Hakuna anayekiogopa chumba kile kunishinda. Ungeniambia siku ile, ningekataa. Ningekataa kwa mdomo wangu, nikarudi nyumbani nimekataa. Wewe ulinirudisha nyumbani mzee."

Nikasema nisamehe mama. Kaniki akamwambia. Mama akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayepokea daftari la kusahihisha baadaye. Kisha akamuuliza daktari kama kuna kilichobaki cha kufanya. Daktari akaniangalia kabla ya kujibu, na mama akaona alivyoniangalia.

"Mwanangu," akasema, na aliniita hivyo bila ukali wowote, "utusubiri nje."

Nikatoka. Ukumbini kulikuwa na wagonjwa sita au saba kwenye benchi, na mlango ule ni wa mbao nyembamba. Daktari ana sauti ndogo, hata nikijitahidi sikupata neno lake hata moja. Mama yeye hajui sauti yake inafika wapi, kwa hiyo alichosema yeye tulikisikia wote. Aliuliza ni sikio lipi. Aliuliza kama atakuwa amelala au macho. Kukawa na kimya kirefu cha daktari kueleza, kisha mama akamwambia, "Nusu ya nusu ni robo, mwanangu, sema nitasikia robo." Bibi mmoja kwenye benchi akacheka, nami nikatamani kucheka naye.

Nilikuwa na hakika kwamba atakataa. Alishasema angekataa, tena kwa mdomo wake. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga nitakavyompikia, nitakavyomsindikiza Alhamisi zake, pengine hata kujifunza alama mbili tatu. Nikasogea karibu na mlango ili nimsikie akikataa.

"Basi andika robo hiyo naitaka," mama akasema. "Atakayekuja na mimi ni huyu dada. Binti yangu nitamwambia mwenyewe, ikishapita."

Watu wa kwenye benchi wakanitazama, kisha wakatazama pengine. Ndani, bila shaka, daktari akataja tarehe. Hiyo sikuisikia.